Lugha Moja na Nusu

Ukitaka kusoma shahada ya uzamili ya Masomo ya Afrika, iwe Marekani au Ulaya, vyuo vingi vitakuuliza habari za lugha. Si Kiingereza tu, hicho kina mtihani wake na ada yake. Wanauliza una lugha gani ya Afrika. Hoja yao haina ugumu: huwezi kujiita mjuzi wa mahali halafu ukahitaji mkalimani kununua fungu la nyanya. Mimi ninazo moja na nusu. Ile moja ni Kiswahili, nilichokulia nacho Mbagala na kinachonilisha sasa, maana nafundisha wageni. Ile nusu ni Kizaramo cha bibi yangu mzaa mama. Nakisikia, nakifuata kwa sehemu kubwa, lakini nikitaka kujibu, yanayotoka mdomoni ni maneno ya Kiswahili. Hiyo nusu ndiyo iliyonikalisha miezi mitatu na fomu ambayo wenzangu waliimaliza kwa wiki mbili.

Niieleze kwanza shahada yenyewe, kwa sababu kwetu haijazoeleka. Sisi mtu anasoma historia, au siasa, au isimu, au fasihi, na akishaingia chumba chake anafunga mlango. Kwenye masomo ya eneo unachochagua ni mahali: Afrika, Asia ya Kusini, Mashariki ya Kati. Halafu mahali hapo unapaendea kwa njia zote. Muhula huu semina ya historia, muhula ujao anthropolojia, mwingine uchumi au riwaya. Kwa kawaida wanakutaka uguse taaluma mbili au tatu, upite semina ya pamoja ya mbinu za utafiti, uandike tasnifu au ufanye mtihani wa jumla, na uwe na lugha. Pale Leiden, Uholanzi, ambako kituo chao cha Masomo ya Afrika kipo tangu 1947, uzamili wa utafiti ni wa miaka miwili na ndani yake kuna miezi ya kwenda uwandani. Uwandani kwa mwanafunzi wa Kiholanzi panaweza kuwa Temeke. Mimi mwenzangu ningekuwa narudi nyumbani kwa tiketi ya chuo, na sikatai.

Makaratasi mengine hayana hadithi ndefu. Transkripti. Barua mbili au tatu za walimu waliokufundisha, na kila mwalimu ana jinsi yake ya kutopokea simu. GPA, ambayo sisi tunaihesabu kwa mizani ya 5 na Wamarekani kwa mizani ya 4, kwa hiyo unaanza maisha ya kimataifa kwa hesabu za kugawanya. Mlimani uzamili unaingia ukiwa na GPA isiyopungua 2.7, na hapo angalau mnaelewana lugha ya namba. Kisha IELTS, ada inayopita laki tano, na cheti chake kinaishi miaka miwili kisha kinakufa. Nimesomeshwa kwa Kiingereza kuanzia kidato cha kwanza hadi shahada ya kwanza, lakini inaonekana Kiingereza changu ni kama maziwa, lazima kiwe na tarehe ya kuharibika. Nimelipa, nimefanya, nimefaulu. Tuendelee.

Kwenye lugha ya Afrika ndipo nilipokwama. Nilimwandikia mratibu wa programu mojawapo kuuliza kama Kiswahili changu kinatimiza sharti. Akajibu kwa adabu kabisa. Kiswahili kwangu ni lugha ya nyumbani, hivyo kinatambuliwa, ila sharti limewekwa ili kila mwanafunzi atoke na lugha ambayo hakuingia nayo. Nichague nyingine. Wao wanafundisha Kizulu, Kiyoruba na Kiwolofu. Au nipendekeze lugha yoyote inayohusiana na utafiti wangu, mradi apatikane mtahini mwenye sifa za kitaaluma.

Nilipoisoma barua ile kijiweni Rangi Tatu, jamaa yangu mmoja aliweka kikombe cha kahawa chini kabisa. "Yaani Mzungu akisoma Kiswahili miaka miwili anapewa alama, wewe umezaliwa nacho unaambiwa lete kingine? Huo ni ukoloni, dada yangu, usitafute jina jingine." Waliokuwa kwenye benchi wakaitikia. Nilikunywa kahawa yangu nikanyamaza, kwa sababu nusu ya maneno yake naikubali, na ile nusu nyingine nilikuwa bado sijajua niseme nini.

Nusu ninayoikubali ina historia. Mwaka 1887 Wajerumani walifungua Berlin shule ya lugha za Mashariki, na Kiswahili kikawa miongoni mwa lugha zilizofundishwa, kwa sababu walikuwa wanakuja huku na walihitaji watu wa kutoa amri zikaeleweka. London chuo cha lugha za Mashariki kilianzishwa 1916, na neno Afrika likaongezwa kwenye jina lake mwaka 1938. Wamarekani nao, baada ya Warusi kurusha Sputnik mwaka 1957, walipitisha sheria ya elimu kwa ajili ya ulinzi mwaka 1958. Ndani ya sheria hiyo kulikuwa na fedha za kufundisha lugha ambazo raia wao hawakuzijua, na vituo vingi vya masomo ya maeneo vilinenepa kwa fedha hizo. Kwa miaka mingi ufadhili wao mkubwa wa kusomea lugha kama Kiswahili umekuwa wa raia wa Marekani na wakazi wake wa kudumu. Mtanzania haombi. Yaani sharti la lugha lilipotungwa, sisi hatukufikiriwa kama wanafunzi. Sisi tulikuwa lugha yenyewe.

Au walimu wa lugha. Hapo siwezi kupita bila kumtaja Mtoro bin Mwinyi Bakari. Alitoka pwani ya Bagamoyo, akapelekwa Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili katika shule hiyo niliyoitaja. Mwaka 1903 kikatoka kitabu cha Desturi za Wasuaheli, ambacho sehemu kubwa ni kazi ya kalamu yake. Jina lililokaa juu ni la Carl Velten, mkuu wake wa kazi. Alioa mwanamke wa Kijerumani. Mwaka 1905 walipofika na meli Tanga, serikali ya kikoloni ikawazuia kushuka. Mtu aliyewafundisha maofisa wao lugha ya nchi hakuruhusiwa kuikanyaga nchi akiwa na mke wake. Wakarudi Ujerumani, na alifia huko Berlin mwaka 1927. Mkuki na Nyota wa hapa Dar walichapa kitabu kuhusu maisha yake mwaka 2009, kilichoandikwa na Ludger Wimmelbücker, na kama hujakisoma kitafute kabla hujaandika fomu yoyote ya kwenda kusoma Afrika nje ya Afrika.

Mimi si Mtoro, na wala hakuna anayenizuia kushuka popote. Natoka Mbagala asubuhi, napanda daladala mbili hadi Mikocheni, nafundisha, nalipwa kwa saa, narudi. Lakini kazi ninayoifanya naijua jina: nafundisha sharti. Mwanafunzi wangu wa mwaka jana anasoma shahada hiyohiyo ninayoiomba, katika chuo cha Marekani, na Kiswahili ndiyo lugha yake ya eneo. Ni binti mwenye bidii mno. Wiki ya kwanza alimpa konda shikamoo, konda ambaye kwa umri ni mdogo wake, na gari zima likacheka naye akacheka. Siku moja aliniuliza kwa nini kiboko wa mtoni ni mkubwa, lakini kiboko cha mwalimu ni kikubwa. Nikamjibu kwamba mmoja ana roho, mwingine hana. Akakaa kimya kidogo, akasema, "Kwa hiyo sarufi yenu inajua nani yuko hai." Nimeongea Kiswahili maisha yangu yote na jambo hilo sikuwahi kulitazama. Yeye aliliona kwa sababu alikuwa anaingia kupitia mlangoni. Mimi nimezaliwa ndani, mlango nimeuona siku hiyo.

Na hapo ndipo ile nusu ya pili ya jibu langu kwa jamaa wa kijiweni ilipoanza kuiva. Kuzaliwa mahali ni jambo moja, kupasoma ni jingine. Sensa ya 2022 inasema wilaya ya Temeke peke yake ina watu 1,346,674. Mimi ninawajua wa mtaa wangu. Nyumba ya kushoto wametoka Newala, na msiba ukiingia wanalia kwa Kimakonde. Mimi nipo pale nimebeba sufuria, nasubiri mtu anitafsirie kilio. Nyumba ya nyuma ni Wandengereko wa Rufiji. Kiswahili kinatuunganisha sote, na sitamvumilia mtu anayekibeza kwa hilo. Nimeona nchi ambazo hazina kitu kama hicho. Lakini kimetupa pia uvivu fulani wa kistaarabu. Kwa kuwa kila mtu atakujibu kwa Kiswahili, unaweza kuandika tasnifu nzima kuhusu Wazaramo hapahapa Tanzania bila kujua neno moja la Kizaramo, na hakuna mtahini atakayekuuliza. Chuoni mwaka wa kwanza tulisoma DS 101 sote, wa sheria, wa uhandisi na wa fasihi, somo la maendeleo ambalo ni mtoto wa wazo lilelile zuri la Mlimani ya zamani kwamba msomi wa hapa lazima aijue jamii yake kwa pande zote, si kwa dirisha la taaluma yake tu. Wazo hilo nalipenda mpaka leo, hata kama mihadhara ya saa moja asubuhi ukumbini sikuipenda. Tulisoma ubeberu, tukasoma utegemezi. Lugha ya pili ya nchi hatukudaiwa.

Wageni wao walidaiana. J.A.K. Leslie, mtumishi wa serikali ya kikoloni, alizunguka vitongoji vya Waafrika vya Dar es Salaam katikati ya miaka ya 1950 na kitabu chake kikatoka 1963. Ukikisoma utakutana na Temeke ikiwa mpya, na utaona kwamba kabila lililokuwa na watu wengi kuliko yote mjini lilikuwa Wazaramo. Ni kitabu cha mkoloni, kina macho ya mkoloni, na bado ni mojawapo ya vitabu vinavyokuonyesha jinsi mtu wa kawaida wa mji huu alivyolipa kodi ya chumba. Marja-Liisa Swantz, Mfini, alifanya utafiti wake Bunju kuanzia 1965 hadi 1970. Bunju ya leo ni Kinondoni, ni jina linalosomeka juu ya kioo cha daladala. Wakati wake ilikuwa kijiji cha pwani, naye alikaa na wanawake wa Kizaramo akaandika juu ya unyago, uzazi na maradhi, kitabu kilichotoka Uppsala mwaka 1970. Nilikisoma maktaba nikiwa nimeinamia meza. Nilikuta humo mambo ambayo bibi yangu huyataja kwa nusu sentensi kisha anageuza mazungumzo. Nilikuta mwana hiti, yule mwana wa mti ambaye mwali hupewa akiwa ndani. Leo wengi wao wako kwenye makabati ya kioo ya makumbusho za Ulaya, na maelezo chini yake.

Sasa mimi, mjukuu, nijifunze habari za nyanya zangu kutoka kwa Mfini? Ndiyo, na namshukuru. Ila siwezi kuishia hapo.

Wenzangu walinishauri nichague Kizulu. Ushauri wa busara, nakiri. Kizulu ni Kibantu kama Kiswahili. Mtu na watu kwao ni umuntu na abantu, ngeli zinakupokea kama shangazi. Ningepata A bila jasho na sharti likawa limetimia. Kizaramo hakina darasa popote ninapopajua. Malcolm Guthrie alipozipanga lugha za Kibantu alikipa namba G33, na Kiswahili wako kwenye G42, majirani wa karibu tu katika orodha, na katika maisha mmoja amemlalia mwenzake. Mwishoni mwa karne ya 19 Wajerumani walikuwa wameshachapisha orodha za maneno ya Kizaramo. Huo mji mliouona kwenye habari wenye magorofa umesimama juu ya ardhi ambayo lugha yake ni hiyo, na Mzizima iliyokuwapo kabla Sultani Majid hajaanza kujenga miaka ya 1860 ilikuwa ya watu hao. Kama shahada inaitwa ya eneo, na eneo ni hapa, lugha ya hapa ni ipi?

Nikaenda kwa bibi, Mbande. Alihamia huko akitokea Kisarawe akiwa mwanamke mzima, na Kizaramo chake anakiweka kwa mambo maalumu: simu na dada yake, matusi ya utani, na msibani. Nikamweleza habari ya chuo, lugha na mtihani. Akanisikiliza hadi mwisho, akaniuliza, "Watakulipa?"

Nikasema nikipata ufadhili, ndiyo, kiasi.

"Wakulipe ujue Kizaramo."

"Ndiyo, bibi."

"Na mama yako nilimpa bure akakikataa." Akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha akakaa sawa. Hakuwa anacheka tena. Alisema mama hakukikataa, walimcheka shuleni, na yeye bibi mwenyewe ndiye aliyemwambia aongee Kiswahili ili asichekwe. "Tulitaka mpite," alisema. Nilikuwa sijawahi kuisikia habari hiyo. Miaka yote nilidhani lugha ile ilijifia yenyewe, polepole, kama inavyosemwa kwenye vitabu vya isimu kwamba lugha hufa. Kumbe katika nyumba yetu kulikuwa na siku, kulikuwa na mama aliyekaa akaamua, na aliamua kwa mapenzi.

Hapo Kizulu kikaniisha hamu.

Tangu siku hiyo kila Jumapili niko Mbande na daftari. Bibi si mwalimu mpole. Neno halirudii zaidi ya mara tatu, na ya nne anakuuliza kama masikio umeyaacha Mbagala. Mfumo wake wa kufundisha hauna ngeli wala sura ya kwanza. Tunaanza na kinachoonekana, kuku akipita tunaanza na kuku. Namfundishia wageni Mikocheni siku tano kwa kitabu chenye mazoezi na majibu nyuma, Jumapili nakuwa mgeni mimi. Nimegundua kwamba nauliza maswali yaleyale ya yule binti, kwa nini hiki na si kile, na bibi anajibu jibu lilelile nililokuwa nikimjibu yeye: ndivyo tunavyosema. Nimefika ukurasa wa 40 wa daftari. Juzi nilimjibu sentensi nzima na hakucheka. Aliendelea tu kuchambua mchele, na hiyo, kwa wanaomjua, ni alama ya juu.

Fomu nimeijaza. Kwenye lugha ya pili nimeandika Kizaramo, kiwango cha kusikia, na maelezo ya nitakavyofika kwenye kuongea. Utafiti niliouombea unahusu nyumba kama ya kwetu: katika familia za Temeke, nani aliamua watoto waongee nini, lini, na kwa kuogopa nini. Hapo unahitaji historia ya shule zetu, unahitaji isimu, unahitaji mtu wa anthropolojia akufundishe kukaa jikoni kwa watu bila kuwa kero. Hakuna chumba kimoja cha taaluma kinachotosha. Kwa mara ya kwanza niliona shahada hii ni ya nini, na nikaona kwamba lile sharti lililomuudhi jamaa wa kijiweni ndilo lililonipa swali. Nimemweleza. Amesema bado ni ukoloni, ila safari hii mimi ndiye niliyefaidi.

Limebaki la mtahini. Nilimpendekeza bibi. Mratibu akajibu, kwa adabu ileile, kwamba bibi anaweza kuwa mtoa taarifa wangu, lakini anayesaini lazima awe na shahada ya juu ya isimu au taaluma inayokaribia. Mtoa taarifa. Nimelisoma neno hilo mara nyingi kwenye vitabu vya watu na halikuwahi kuniuma. Safari hii lilikuwa linamtaja mtu ninayemjua jina. Nilimwandikia barua ndefu, nikaifuta, nikamwandikia fupi kwamba nitamtafuta mtu.

Nimeelekezwa kwa mwalimu mstaafu wa isimu, anakaa upande wa Kimara, ambaye wanasema aliwahi kukusanya maneno ya Kizaramo zamani. Naenda Jumatano. Bibi aliniuliza kama huyo mwalimu ni mtu wa Kisarawe. Nikamwambia sijui. Akafunga kitenge chake vizuri, akasema basi nimwambie aje yeye huku, na aje asubuhi, mchana kuna jua.